Anainuka kutunza ubeti gani?

SWALI: Assalaam alaykum, mwalimu. Nakuandikia kutoka Wete. Mtoto wa dada yangu ameposwa na kijana wa Mjini, Unguja. Ukoo wake tunaujua na kazi anayo. Ila ana akaunti ya Instagram ambayo haina hata sura yake moja. Ni michoro na sanamu za hekaya za Kigiriki tupu, picha mia na arubaini na kitu. Yule mwanamke mwenye nyoka kichwani nimemhesabu mara kumi na moja. Kuna malaika aliyeanguka analia, kuna kijana wa mbawa kafa juu ya jabali, kuna mzee anamtafuna mwanawe. Wajomba wa binti wanasema mtu anayekaa na mashetani namna hii ana lake jambo, na posa irudishwe. Binti anasema hiyo ni sanaa tu, haina maana yoyote. Mimi nimekaa kati. Akaunti kama hii inatueleza nini juu ya tabia ya mwenyewe? Kiungo nimekutumia. — Mama mdogo, Wete

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, dada yangu. Akaunti iko wazi kwa kila mtu, kwa hivyo niliifungua, nikateremka mpaka kwenye picha ya mwanzo kabisa, nikaanza kupanda nayo moja moja kwa mpango ule ule aliozipakia yeye. Ndivyo ninavyoutazama mkusanyiko wowote. Ukianzia juu unamwona mtu alivyo leo. Ukianzia chini unaona alikotoka na anakoelekea. Imenichukua siku tatu, baada ya Isha. Jina la kijana sitalitaja, na mambo mawili matatu niliyoyaona nimeyaacha kwa kuwa ni ya nyumba yake.

Nikupe jibu mapema usikae roho juu. Wajomba wamekosea, na binti naye amekosea. Hakuna shetani humo. Lakini hilo la kwamba hazina maana yoyote nalo si kweli. Zina maana kubwa, ila imekaa pahala ambapo nyinyi hamkupatazama, kwa sababu macho yenu yalinaswa na nyoka.

Nianze na binti. Anaposema "ni sanaa tu" nadhani anakusudia kwamba kijana hakuchora hata moja, amezikuta, akazipakia. Sasa niambie, dada yangu: kanga uliyojitanda uliichora wewe? Jina lake ulilitunga wewe? Imetoka kiwandani kwa marobota, na wanawake chungu nzima wanayo. Lakini ukiivaa "Hasidi hana sababu" kwenye harusi ya jirani mliyenuniana, hakuna atakayesema ukumbini kwamba kile ni kitambaa tu. Na taarab ndiyo zaidi. Wimbo ametunga mwengine, anaimba mwengine, na ukumbi mzima unausikia. Bibi mmoja amekaa kimya, beti ya kwanza imepita, ya pili imepita. Ya tatu inapoanza anainuka, anakwenda mbele taratibu kwa kucheza, noti kaishika juu ionekane, na jicho lake haliko kwa mwimbaji. Wimbo si wake, ila kuinuka ni kwake. Wanawake waliokaa nyuma wanaujua ugomvi wote kabla noti haijafika.

Mwenye akaunti ya picha za watu ni mtunzaji wa namna hiyo. Ukiuliza anapenda wimbo gani, utajibiwa "hekaya za Kigiriki", na hilo halikupi kitu, kwa sababu duniani wapenzi wa hekaya hizo hawana idadi: wapole na wakali, wacha Mungu na wasiokuwa na dini. La kuuliza ni anainuka kutunza ubeti gani.

Maana hekaya moja ina beti nyingi. Chukua ya kwenu. Nilipokuwa nikifundisha niliwapeleka wanafunzi zaidi ya mara moja Pujini, kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume kusini mashariki ya Chake Chake, ngome ya karne ya 15. Kabla hatujapanda gari nawapa kazi: kila mmoja aandike nusu ukurasa wa anayoyajua juu ya mtawala yule. Hekaya ni moja, wote wameisikia kwa bibi zao. Wengi huandika ukatili, kwamba watu walibebeshwa mawe vichwani huku wakijiburura kwa makalio. Mvulana mmoja aliandika kuta tu, unene na urefu wake. Binti mmoja, mkimya sana, mawe hakuyagusa. Nusu ukurasa wake wote ulikuwa wa kisima: kwamba mfalme alikuwa na wake wawili wasiotazamana, akajenga ukuta kati yao, mmoja akifuata maji kwa ngazi na mwengine akiteka kwa kamba na ndoo, wasikutane. Kisha akaongeza kwamba yule wa ndoo alikuwa akimsikia mwenziwe chini anavyojaza mtungi. Hilo la kusikia halimo katika hekaya niliyoijua mimi. Lilikuwa lake. Sikumuuliza kitu, lakini tokea siku ile nilijua kwamba mtu akipewa hekaya kubwa iliyojaa mawe na damu, akaenda kusimama pahala pamoja padogo, hapo ndipo pa kumtazama.

Sasa tuwaondoe hao mashetani, wasituzuilie njia.

Malaika anayelia ni mchoro wa Mfaransa Alexandre Cabanel. Aliuchora mwaka 1847 akiwa mwanafunzi Roma, hajafika miaka 25, na leo uko katika jumba la makumbusho la Montpellier. Wenyewe wanamchukulia kuwa ni Ibilisi siku alipofukuzwa. Sisi tunasoma katika Suratul Kahf kwamba Ibilisi alikuwa katika majini, kwa hivyo hata hilo jina la malaika ni la kwao. Utazame vizuri: uso ameufunika kwa mkono, yamebaki macho mekundu yenye hasira na chozi. Vijana wa dunia nzima wameyapenda macho yale. Yamesambazwa mtandaoni kiasi kwamba kuyaona kwenye akaunti ya hekaya ni kama kuona kanga ya toleo jipya mwezi inapotoka: kila mtu anayo, kwa hivyo haimtofautishi aliyeivaa. Hii ni kanuni ninayoifuata daima. Picha iliyoenea sana inaeleza juu ya zama. Picha ambayo mtu amelazimika kuitafuta ndiyo inayoeleza juu yake.

Na hili la kusema anakaa na mashetani, hebu ligeuze. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianzia kwenu Pemba ikaja mpaka Unguja, watu wakalala nje kwa makundi. Wewe uliyaona au uliyasikia. Sasa fikiria mtu wa Ugiriki anakusanya michoro ya Popobawa, anasoma, anauliza hofu ile ilitoka wapi na ilikuwa inaficha nini. Utasema anamwabudu? Utasema ameguswa na watu walioogopa. Kuhusu hukumu ya dini ya kuweka michoro ya viumbe na sanamu mtandaoni, hilo muulizeni sheikh mnayemwamini. Mimi nimeulizwa tabia, na hapo ndipo ninapoweza kusema.

Wanaosomea tabia za watu wamelifanyia kazi jambo hili la kumjua mtu kwa vitu vyake. Mwaka 2002 Samuel Gosling na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti ambao watu waliingizwa katika vyumba vya kulala na maofisi ya watu wasiowajua, mwenyewe hayupo, wakaambiwa wakadirie tabia yake. Makadirio yakapimwa na yale anayoyasema mwenyewe na wanaomjua. Walichokipatia zaidi ni ule uwazi wa akili, yaani kiu ya mawazo, sanaa na mambo mageni. Vyumbani walipatia vizuri pia ule utaratibu wa mtu, kama ni wa mpango au wa ovyo ovyo. Upole ndio uliowapa shida. Mwaka 2010 Mitja Back na wenzake wakafanya kazi kama hiyo kwa kurasa za Facebook na mitandao mengine kama huo za vijana 236 wa Marekani na Ujerumani. Wakaona kwamba kurasa zile zinafanana na mtu alivyo kweli kuliko anavyotamani awe, na kwamba uwazi wa akili na uchangamfu vinasomeka, ila ule wasiwasi wa ndani, wepesi wa kuvunjika moyo, hausomeki.

Nimekutajia tafiti hizi kwa sababu moja tu. Wewe unachotaka kujua ni kama kijana huyu atakuwa mpole kwa mtoto wenu, na kama hasira zake ziko karibu. Hayo mawili ndiyo vitu vya mtu vinavyoyaeleza kidogo kuliko yote. Mtu yeyote akimtazama Medusa, yule mwanamke wa nyoka, mara kumi na moja akakwambia "huyu ni mkali", au "huyu ni mpole kupindukia", anakupigia ramli.

Na ramli ina utamu wake, ujihadhari nayo hata ikitoka kwangu. Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, kisha akamgawia kila mmoja majibu "yake", akawaomba wapime yamelingana nao kiasi gani, kutoka 0 mpaka 5. Wastani ukawa 4.26. Majibu yalikuwa karatasi ile ile moja kwa wote, na maneno mengi aliyatoa katika kitabu cha nyota. Kwa hivyo mimi nikikuandikia kwamba kijana wenu ana huzuni asiyoionyesha, anapenda watu lakini mara nyengine anahitaji kujitenga, utasema mwalimu kapatia. Na ungesema hivyo hivyo kwa dereva wa daladala unayopanda. Nisikuandikie hayo. Nikuonyeshe nilichokiona, upime mwenyewe.

Medusa. Nimezihesabu na mimi, ni kumi na moja kweli. Lakini ni beti gani za Medusa? Hekaya yake ina ushindi wa Perseus, kijana aliyemkata kichwa, na wachongaji wengi wamelisimamia hilo. Pale Florence, uwanjani, kuna sanamu ya shaba ya Cellini iliyozinduliwa mwaka 1554: Perseus kakinyanyua kichwa juu, mwili uko chini ya miguu yake. Ni picha ya fahari, na akaunti nyingi za hekaya zinaipenda. Kwa kijana wenu haimo. Alizo nazo ni ngao ya Caravaggio, mara mbili, na mara ya pili ameyaacha macho tu. Vichwa vya mawe vilivyo chini ya nguzo katika hodhi la kale la maji mjini Istanbul, kimoja kimelazwa ubavu na kimoja kimepinduliwa. Mbili za vijana wanaochora siku hizi. Na mara nne, dada yangu, mara nne nzima, sanamu ya marumaru ya Bernini iliyoko Roma katika majumba ya Capitolini. Ifungue tena uitazame kwa utulivu. Medusa wa Bernini hamtishi mtu. Nyusi zimekunjana juu katikati, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu aliyeguswa kichwa akakuta nywele zake zinatambaa. Anajionea mwenyewe yanayompata.

Mshairi wa Kirumi Ovid, kiasi cha miaka elfu mbili iliyopita, alisimulia kwamba Medusa alikuwa msichana mzuri, sifa yake nywele, na mungu wa bahari akamwingilia kwa nguvu ndani ya hekalu la Minerva, mungu wao wa kike. Minerva akaghadhibika, na adhabu akampa msichana. Nyoka ndiyo adhabu yenyewe. Kijana huyu amesimama kwenye ubeti huo na hakwenda kwenye upanga. Ile moja iliyobaki ni ya Luciano Garbati, ya mwaka 2008, ambayo Medusa ndiye aliyeshika kichwa cha Perseus. Iliwahi kuwekwa New York mwaka 2020 mbele ya mahakama. Yeye ameweka uso tu. Huenda kwa kuwa sanamu iko uchi, huenda kwa kuwa kisasi hakimvutii. Hapo sijui kuchagua, na sitachagua.

Kukata kwake picha nako kunaeleza. Zuhura wa Botticelli yumo, ameishia shingoni, nywele zinapeperuka. Wanawake wa baharini wanaomzunguka yule kijana wa mbawa amewaacha nje ya ukingo. Mwenye haraka ataita unafiki. Mimi naona mtu anayejua kwamba mama zake na watoto wa skuli wataifungua picha ile, akajitaabisha kuipunguza huku uzuri wake ukibaki, na kazi hiyo kaifanya vizuri. Tena miezi ya Ramadhani haina picha hata moja, kila mwaka. Hakutangaza kwamba anasita, amesita tu. Alama za namna hii, alizoziacha mtu bila kukusudia tuzione, mimi huzipa uzito kuliko alizozitundika ili zionekane.

Twende kwa kijana wa mbawa, Icarus. Babake, fundi Daedalus, alimtengenezea mbawa za manyoya na nta ili watoroke kisiwani, akamwambia asiruke chini bahari ikayatia maji manyoya, wala juu jua likaiyeyusha nta. Kijana akapanda juu, akaanguka. Mchoro uliokushitua, wa maiti juu ya jabali na mbawa kubwa za kahawia zimetanda, ni wa Mwingereza Herbert Draper, wa mwaka 1898. Huo ameupakia mara moja. Ambao ameurudia mara tatu huenda hukuutambua kuwa ni wa hekaya ile ile: kuna mkulima wa shati jekundu analima na farasi wake, mchungaji kaegemea fimbo anatazama juu, jahazi la kigeni limejaza tanga linakwenda zake, bahari ya kijani. Ni mchoro unaonasibishwa na Bruegel, uko Brussels, na wataalamu wengi wanaona ni nakala ya kazi yake iliyopotea. Icarus yuko wapi? Kulia chini, karibu na jahazi, kuna miguu miwili midogo inazama. Basi. Hakuna aliyegeuka. Mara ya tatu kijana wenu amekata kila kitu, imebaki miguu na ubavu wa chombo, na chini yake ameandika maneno mawili: "Chombo kilipita."

Mtu wa kisiwani anayaandika maneno hayo kwa watu wa kisiwani. Sina haja ya kukueleza sisi tunasikia nini tukisoma hivyo.

Nimefika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, na wewe hukulihesabu. Wewe ulihesabu nyoka. Mimi niliwahesabu baba.

Wako kumi na tisa. Daedalus anamfunga mwanawe mbawa. Ovid anasema mikono ya baba ilikuwa ikitetemeka na mashavu yamelowa. Priam, mfalme mzee wa Troy, kampigia magoti aliyemuulia mwanawe anaomba maiti akamzike, mchoro wa Mrusi Ivanov wa mwaka 1824. Yule mzee anayetafuna, Saturn wa Goya, aliyechorwa ukutani ndani ya nyumba ya mchoraji mwenyewe karibu na Madrid kati ya 1820 na 1823, bila jina na bila kukusudiwa kuonyeshwa mtu. Saturn huyo aliwatafuna watoto wake kwa kuogopa kwamba mmoja wao atamwondoa. Kijana wenu ameuweka mara moja, bila neno. Na siku ya pili yake tu ameweka Aeneas.

Huyu Aeneas ndiye aliyerudiwa kuliko wote. Mji wa Troy unaungua, naye anatoka kambeba babake begani, mwanawe mdogo anafuata nyuma. Bernini alichonga marumaru yake mwaka 1618 na 1619, akiwa na miaka ishirini hivi. Kijana ameupiga karibu: ngozi ya mzee iliyolegea, na mkono wa Aeneas ulioushika mguu wa mzee usiteleze. Sura hazimo. Mkono na mguu tu. Umo pia mchoro wa Barocci wa mwaka 1598 wa tukio lile lile. Na sasa nenda chini kabisa, kwenye ile picha ya mwanzo ambayo hutaifikia mpaka kidole kichoke: ni ukurasa wa daftari la skuli lenye mistari, umechorwa kwa penseli, mtu kambeba mtu mgongoni. Kila picha katika akaunti ile ina jina la msanii, mwaka na mji ilipo. Hiyo haina kitu.

Hapa ndipo mtu wa kazi yangu anapotakiwa aushike ulimi. Kuna baba katika maisha ya kijana huyu, au kuna pengo la baba, au kuna mzee anayeuguzwa, au kuna hamu ya kuwa baba. Ni kipi, picha haisemi, na mimi sina haki ya kubuni. Ninachoweza kusimamia ni hiki: jambo ambalo mtu amelirudia mara kumi na tisa katika miaka sita, bila kulitangaza, bila mkumbo wa watu kumsukuma, halikumjia kwa bahati. Nadhani hata yeye huenda hajazihesabu. Nakuomba sana, wajomba wasilichukue hili wakamsimamishia barazani. Ni la binti kumuuliza, wakiwa na nafasi ya mazungumzo ya heshima, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua.

Kuna kitu kimoja kidogo kilichonituliza, na hakiko kwenye picha, kiko kwenye komenti. Aliweka Ulysses, baharia shujaa wa hekaya hizo, akiwa amefungwa mlingotini, viumbe wa kike wa baharini wanamwimbia, akaandika kwamba ni kazi ya Waterhouse. Mtu asiyemjua akamwandikia kwa ukali kidogo kwamba huo ni wa Draper. Kweli, wote wawili wamelichora jambo hilo: wa Waterhouse ni wa 1891 na uko Melbourne, wa Draper ni wa 1909 na uko Hull. Kijana akajibu, "Ahsante, nimekosea," akarekebisha maandishi, na ile komenti iliyomsahihisha akaiacha pale pale isomwe. Angeweza kuifuta. Nilikwambia upole ndio mgumu kuujua kwa vitu. Basi mwanya mdogo unaopatikana ni huo, pale anapoguswa kwenye kosa na mtu asiyekuwa na nguvu juu yake. Mara moja haitoshi kumhukumia mtu, lakini nimeitafuta nyengine nikazipata mbili zaidi, na hakujibu kwa ukali hata kimoja.

Ungeniuliza kipi kingenitia wasiwasi. Siyo nyoka wala damu. Hekaya za Kigiriki zimejaa wanawake waliotekwa, na mtandaoni kuna tabia imeenea ya kuzipamba picha hizo kwa maneno ya mapenzi. Kuna sanamu nyengine ya Bernini, Pluto anamnyakua Proserpina, vidole vyake vimezama katika paja la marumaru mpaka unasahau ni jiwe, na shavuni mwa msichana kuna chozi. Ningemkuta kijana ameiweka akaandika "mahaba", ningekwambia ukae naye chini kabla ya jambo lolote. Hakuiweka. Ameweka Daphne, yule aliyegeuka mti ili asishikwe na Apollo, vidole vinachipua majani, na ameandika kwamba msichana alikuwa anakimbia. Ameliita jambo kwa jina lake.

Kuhusu kutoweka sura yake, msilitie shaka. Nyumba zetu zina baraza na zina ndani. Kuna watu ambao akaunti zao ni baraza: wamekaa nje, wamevaa, wanapokea salamu. Huyu ametufungulia dirisha la ndani, yeye mwenyewe akabaki pembeni. Aibu ya kujionyesha siyo kujificha, na Pemba mnalijua hilo kuliko sisi wa Mjini.

Kwa hivyo posa isirudishwe kwa sababu ya Medusa, na isikubaliwe kwa sababu ya Aeneas. Yale mliyokuwa mkiyauliza kabla ya intaneti kuingia yaulizeni: alilipaje deni, anasemaje na mamake akiwa amechoka, walioishi naye dahalia moja wanamtaja vipi, akikasirika ananyamaza au anavunja. Akaunti imekuongezea tu pa kuanzia mazungumzo, na ni pazuri, kwa sababu mtu anayejua kisa cha kila picha hatakosa la kusema.

Na kama atakuja Wete kuwaamkia wazee, mmoja wa wajomba amchukue Pujini, wende asubuhi kabla ya jua kali. Msimweleze kitu njiani. Mkifika mwambieni mnasikia anapenda hekaya, basi awasimulie ya Mkama Ndume kama alivyoisikia kwao, na msikilize anaanzia wapi.